Sare Katika Chumba cha Mama

Arobaini ya mama ilipopita, baba alitoa kitanda cha marehemu chumbani kwake akakiweka uani, akapaka kuta chokaa, akaziba dirisha kwa magunia, kisha akaanza kuingiza nguo za askari. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani Ujiji baada ya kuachika. Cherehani yangu niliiweka barazani, kando ya mlango wa chumba hicho. Nilishona, nikala na kulala jirani na sare za watu nisiowajua, na mpaka leo mtu akinipitia amevaa koti lililokaa sandukuni pamoja na vidonge vya kufukuza mende, huziba pua nikavuka upande wa pili wa njia.

Baba alikuwa mstaafu wa reli, mtu wa swala tano, asiyepandisha sauti. Alianza na medali moja tu, ya babu yake aliyekuwa askari katika vita vya Mjerumani. Utepe wake ulikuwa umepauka hadi huwezi kusema ulikuwa rangi gani. Baadaye alipata kofia nyekundu ya kitambo kutoka kwa ukoo mmoja wa Ujiji, halafu koti la kaki la enzi ya Wabelgiji ambalo mwenyewe alikwisha kufa kabla baba hajazaliwa. Vitu hivyo sikuvichukia. Wenyewe walikuwa wameoza zamani, hata jasho lao lilikuwa limekauka likawa vumbi.

Alijua kuvitunza, siwezi kumnyima hilo. Unyevu wa ziwa huotesha ukungu kwenye kitambaa msimu wa masika, na nondo hawachagui koti la mkubwa wala la mdogo. Alinifanya nimshonee vitundikio vinene vilivyojazwa pamba, ili mabega ya makoti yasifanye ncha. Kila mkunjo wa suruali ulitiwa kipande cha bafta nyeupe. Majani ya mwarobaini aliyakausha kivulini akayatia katika vifuko, akavitundika ukutani visiguse nguo. Medali alizilaza moja moja juu ya pamba, ndani ya makopo ya biskuti, na ole wake mtu atakayezisugua kwa majivu na ndimu.

"Shaba ukiing'arisha unaiua," alikuwa akiniambia. "Hilo giza lake ndilo umri wake."

Kisha vita vya ng'ambo vikavuka ziwa.

Wakimbizi tulikwisha kuwazoea tangu utoto, lakini miaka ile walikuja kwa namna ambayo hata wazee hawakuwahi kuiona. Mitumbwi na maboti ya injini yalifika asubuhi na jioni yakiwa yamezama hadi ukingoni kwa uzito wa watu. Wengi walipelekwa kambini. Waliokuwa na ndugu mjini walijibana kwenye vyumba vya uani, na mtaa wetu haukuwa na nyumba isiyo na mgeni.

Ndani ya msafara huo walikuwamo pia askari wa upande ulioshindwa. Hao hawakutaka kufika nchi kavu wakiwa askari. Walivua sare ndani ya boti wakazitupa majini, wakashuka na kaptula na fulana kama watu wengine. Nguo zikasukumwa na mawimbi mpaka mwaloni Katonga, wavuvi wanakoshushia samaki, zikanasa kwenye nyavu pamoja na dagaa. Wanawake wa samaki walizitumia kufunikia ndoo na kufutia mikono.

Baba aliposikia, akaanza kwenda Katonga kila alfajiri. Alirudi na kiroba begani, maji yakimchuruzika mgongoni, uso umemng'aa kama mtu aliyetoka harusini. Mzungu mmoja mpenda vitu vya kijeshi, aliyekuwa Kigoma kwa shughuli za misaada, alikuwa amemwambia kwamba nguo ya vita haifuliwi. Doa la damu, tundu la risasi, tope la handaki, vyote viachwe vilivyo, kwa kuwa hivyo ndivyo watu wa kwao wanavyovitafuta. Mzungu yule alihamishwa muda si mrefu, lakini maneno yake yalibaki nyumbani kwetu kama sheria.

Basi kazi yangu ikawa kusafisha nguo bila kuzifua.

Nilizianika chumbani kwenye kamba, nikazipiga brashi kavu, nikapitisha sindano kwenye mishono kutoa mayai ya chawa. Kola zilikuwa na utando mweusi wa mafuta ya shingo, mgumu kama ukoko wa ugali. Kwapa za mashati zilikuwa zimeiva njano. Kulikuwa na suruali moja ambayo mwenyewe aliharishia ndani, na maji ya ziwa hayakuweza kuitoa harufu. Nilimsihi baba niiloweke walau kwa maji matupu. Akasema hapana, akaitia kwenye mfuko wa nailoni na majivu, akaiweka rafu ya juu. Juu ya rafu ileile mama alikuwa akiweka Msahafu wake.

Siku moja niliingiza vidole kwenye mfuko wa suruali nyingine nikatoa shanga. Zilikuwa shanga za kiunoni, nyekundu na nyeupe, uzi umekatika, zimefungwa kwa kipande cha kitambaa zisipotee. Shanga za namna ile mwanamke havai ili zionekane na mtu wa njiani. Nilizishika kiganjani nikajua kilichotendeka kama vile nilikuwapo. Nilitoka uani nikatapika kwenye mfereji.

Baba alikuja nyuma yangu. Nilidhani anakuja kunishika paji la uso. Akasema, "Umezitupa?"

"Zipi?"

"Shanga. Usitenganishe kitu na mfuko wake, mwanangu. Vimekuja pamoja, vikae pamoja."

Nilimtazama mzee huyu aliyenifundisha Alhamdu, mwenye ndevu nyeupe na kanzu iliyopigwa pasi nami mwenyewe, nikaona kama nimekanyaga kitu chenye utelezi gizani. Sikuzirudisha. Nilizifukia chini ya mgomba, nikamwambia zimeniponyoka zikaingia shimo la choo. Alinuna siku kadhaa kama mtu aliyefiwa.

Katika siku hizo za kununa ndipo akaja yule tuliyemwita Mwalimu.

Mtaani alijulikana kama mkimbizi aliyewafundisha watoto wa wenye maduka Kifaransa. Alikuwa mrefu, mpole, msafi wa kucha, mwenye Kiswahili cha ng'ambo alichokitamka polepole kama anayetembea juu ya mawe. Kumbe alikuwa ofisa. Yeye hakuitupa sare yake majini. Aliivusha ndani ya gunia la unga, koti, suruali, kofia na medali tatu. Kambini asingeweza kukaa nayo, na kuitupa hakuweza. Akasikia kuna mzee Ujiji anayetunza vitu hivi na hasemi ovyo. Akamkabidhi baba, akaapa kwamba ni yake mwenyewe, tangu siku aliyopandishwa cheo.

Baba alikaribia kulia kwa furaha. Vitu vingine vyote vya karibuni havikuwa na mwenyewe. Hiki kilikuwa na mwenyewe anayekunywa chai barazani.

Mwalimu alikuja kila Jumapili asubuhi. Mbele za watu baba alimwita Mwalimu, mlango ukifungwa alimwita Kamanda. Mimi niliwapelekea chai ya tangawizi. Nikiingia, humkuta yule mtu ameketi kwenye kigoda mbele ya koti lake lililotundikwa, anapangusa vifungo vya shaba kwa kitambaa laini, kimoja kimoja, kwa upole ambao mwanamume huuweka kwa mtoto mchanga. Baba, aliyenikataza mimi kugusa shaba, alimwachia yeye. Wakati mwingine yule mtu alinusa kola. Mara moja alinielekeza, "Dada, hizi sare nyingine usiziweke karibu na yangu. Ni za watu wachafu."

Nilimwuliza uchafu gani.

"Askari wa kawaida," alisema, akakunja pua. "Hawana nidhamu."

Nilirudi jikoni nikaosha kikombe alichonywea kwa maji ya moto mara mbili, na bado sikukiweka pamoja na vingine.

Mwezi huohuo nilikuwa nimempata mwanamke wa kunisaidia kufua. Kazi ya cherehani ilikuwa imeniongezeka kwa sababu wageni wengi walifika na nguo moja moja. Alikuwa mkimbizi pia, Mbembe kutoka pwani ya ng'ambo, kijana kuniliko, mwenye binti mdogo aliyembeba mgongoni. Alikaa na shangazi yake nyumba ya tatu kutoka kwetu. Alifua mashuka na kanzu, akaondoka. Chumba cha mama hakuwahi kukiona kikiwa wazi, nami nilihakikisha. Hatukuwa wasemaji. Aliniita dada, nikamwita mama fulani kwa jina la mwanawe, tukagawana sabuni na kimya.

Masika yalipokaribia kwisha, nondo waliingia chumbani. Baba aliona vitundu kwenye mgongo wa koti la Wabelgiji akashikwa na kiwewe. Jumapili moja jua lilipotoka kali baada ya mvua, akaamua kutoa kila kitu nje.

Nilimwambia, "Baba, uani kila mtu anapita."

"Nyumba ni yangu. Nguo zikikosa jua leo, kesho sina kitu."

Akafunga kamba kutoka mpapai hadi nguzo ya choo, na nyingine mpaka dirisha la jikoni. Tukatundika. Ua wote ukajaa majani makavu ya mwarobaini na mabaka ya kijani na kahawia. Upepo wa ziwa ukapita, mikono ya makoti ikainuka na kushuka, suruali zikapiga hatua mahali pamoja. Nilikuwa nimezizoea zikiwa zimekunjwa. Zilipojaa upepo nilizipa mgongo, nikaenda kukaa barazani.

Ndipo mlango wa uani ukasukumwa. Yule mwanamke alikuwa ameahidi kuja kesho yake, lakini jua lile lilikuwa limemvuta kama lilivyomvuta baba. Aliingia na beseni kichwani, mtoto mgongoni. Akasimama.

Beseni lilianguka. Alisema neno moja tu, kwa Kiswahili cha kwao, kwa sauti ndogo kama anayemwuliza mtu aliyelala.

"Bamefika?"

Nikainuka kumwelekea. "Hapana, subiri, hizo ni nguo tu za baba..."

Hakungoja. Alimsogeza mtoto kutoka mgongoni hadi kifuani, akageuka akatoka mbio, na kule njiani sauti ikampanda. Alipiga kelele kwa Kibembe, kisha kwa Kiswahili, kwamba wamo, wamo nyumbani kwa mzee, wameanika. Sijui kama msomaji ambaye hakuishi miaka ile anaweza kuelewa jinsi mtaa ulivyoitikia. Wageni hawakuuliza swali. Milango ilifunguka, mafurushi yakatoka, kina mama wakaanza kushuka kuelekea ziwani na masufuria yenye uji wa moto. Mzee mmoja alitoka na mto wa kulalia peke yake.

Mjumbe wetu wa nyumba kumi, Muha mnene mwenye duka la chumvi, aliwazuia kwenye kona akisaidiwa na vijana. Kisha akaja kwetu na umati nyuma yake. Wengine walikuwa na mapanga. Waliposukuma mlango wakaona kamba, wakarudi nyuma wote kwa pamoja. Mjumbe alipita kati ya makoti akiyasukuma kwa fimbo, akafungua chumba cha mama, akachungulia chooni. Alipotoka, alikuwa ameziba pua kwa kilemba.

"Shikamoo mzee," alimwambia baba, kwa heshima iliyobakia. "Hiki ni nini?"

"Marahaba. Ni historia," baba akajibu.

"Historia inanuka hivi?"

Akaagiza yule mwanamke arudishwe, aone kwa macho yake kwamba hakuna mtu. Aliletwa na shangazi yake akiwa ameshikiliwa mkono. Alizitazama nguo zile moja moja. Mjumbe akamwuliza taratibu kwa nini alidhani askari wamehamia. Akajibu bila kuinua uso.

"Kwetu walikuja hivi. Walitundika nguo kwenye kamba yangu. Nikawafulia. Siku za kwanza tulisema watapita tu, lakini wakianika wamekuja kukaa." Akameza mate. "Bwana yangu walimbebesha masanduku yao. Hajarudi."

Upepo ulikuwa ukizitikisa zile suruali, nami nilitamani nizing'oe zote kwa mkupuo mmoja, lakini mikono iligoma kuzigusa.

Wakati huohuo Mwalimu aliwasili kwa ziara yake ya Jumapili. Alikuwa amevaa shati jeupe la mitumba, kitabu cha Kifaransa kwapani. Watu walimpisha kama wanavyompisha mwalimu. Aliona koti lake kwenye kamba, nikaona kope zake zikicheza mara moja tu. Kisha akamwendea yule mwanamke. Akainama, akaweka mkono wenye kucha safi juu ya kichwa cha mtoto.

"Pole sana mama," alisema. "Hizi ni nguo tu. Nguo haziumi."

Nilifungua kinywa kusema, sijui ningesema nini. Kabla sijasema, mjumbe alimgeukia. Alitaka msaada wa mtu mwenye elimu. Akaelekeza fimbo kwenye lile koti zuri lenye vifungo vya kumeta.

"Mwalimu, wewe unatoka huko. Hii ni ya nani?"

"Sijui," akasema Mwalimu. "Sijawahi kuiona."

Na hapo, kwa mshangao wa kila mtu, baba aliruka.

"Usiikane!" alipiga kelele. Sikuwahi kumsikia baba akipiga kelele maishani mwangu. "Usiikane, Kamanda! Uliniapia! Umekuja hapa kila Jumapili kuipangusa. Ukiikana itakuwa kitambaa kama hivi vingine!"

Nimekwisha kufikiria siku ile kwa miaka mingi. Laiti baba angesema vile kwa ajili ya yule mwanamke, au kwa ajili ya haki, ningembusu miguu. Lakini machozi yaliyokuwa machoni mwake yalikuwa ya koti. Aliona thamani yake ikivuja mbele ya watu, akakimbilia kuziba ufa.

Mkono wa Mwalimu ulikuwa bado kichwani kwa mtoto. Yule mwanamke aliutazama. Akaushika kwa vidole viwili kwenye kifundo, jinsi mtu anavyoshika mkia wa panya aliyekufa, akauondoa. Kisha akamtazama usoni.

"Mlimwacha wapi?" aliuliza.

Yule mtu alifungua mdomo. Pengine hakuwa kwenye kikosi kilichofika kijijini kwake. Pengine alikuwa mbali kabisa na mahali pale. Sitajua, wala mwanamke hakujua. Alirudia swali lile kwa sauti ileile, na Mwalimu akaanza kurudi nyuma, kinyumenyume, mpaka mgongo wake ukagota kwenye koti lake mwenyewe na mikono ya koti ikamwangukia mabegani. Alishtuka kama aliyeguswa na nyoka. Vijana wa mtaa wangemkata pale pale kama mjumbe asingesimama mbele yake na mwili wake mzima, akisema hataki damu kwenye nyumba zake kumi.

Polisi walikuja. Walimpakia Mwalimu na baba kwenye gari, na sare juu yao kama mzigo wa mahindi. Kukaa na sare za jeshi nyumbani ni kosa kisheria, na baba alilijua hilo siku zote. Kwa ajili ya uzee wake walimwachia kesho yake wakamwonya. Mwalimu walimkabidhi kwa wanaoshughulikia wakimbizi. Nilisikia baadaye kwamba alitoroka akapanda meli ya kusini, ya kwenda Zambia. Mwingine aliniambia alionekana Kasulu akifundisha. Sikuuliza zaidi.

Baba alirudi mchana, akaketi barazani bila kuvua viatu. Nilimpa maji. Alikunywa yote, akajifuta ndevu.

"Wamezikunja zikiwa na unyevu," alisema. "Zitaoza zote kabla ya mwezi." Halafu akaongeza, "Yule mwanamke ametuharibia."

Nilichukua cherehani yangu jioni ile, jua likiwa bado juu ya milima ya ng'ambo, nikamlipa msukuma mkokoteni akanipeleka Mwanga, Kigoma mjini, nikapanga chumba. Sikumtukana baba. Mdomo ungeanza usingenyamaza.

Yule mwanamke nilimtafuta kwa shangazi yake. Alikuwa amekwenda Ilagala kwa jamaa wengine, akakaa huko kwenye kazi ya dagaa. Nilimfuata mara moja, nikampelekea gauni nililomshonea mtoto. Alinipokea vizuri, tukala samaki. Hakulitaja jambo lile, nami sikuwa na uso wa kulitaja. Nilipokuwa naaga alinisindikiza mpaka njiani, akaniambia, "Dada, wewe huna kosa. Lakini nyumba ile nisingeweza hata kuipita." Nikamwambia hata mimi.

Hata hivyo baba ni baba. Nilimpelekea chakula kila siku kwa miaka iliyobaki. Nilikiweka barazani, nikakaa naye mpaka amalize, nikaosha vyombo kwa maji ya bombani bila kuingia ndani. Siku moja, alipokuwa amekwisha kudhoofika, aliacha kula akanitazama.

"Unanichukia?"

"Sikuchukii, baba," nilisema. "Nimekinai."

Alifikiri kidogo, akimega tonge.

"Kukinai huisha," alisema, akaniomba chumvi. Nilimpa. Alikosea.